Sasisho likigoma: pa kuanzia kabla ya kulaumu famwea

Sasisho likigoma, wengi hukimbilia kulirudia. Likigoma tena wanafuta programu, wanaweka nyingine, wanabadilisha toleo, kisha wanajaribu faili waliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp. Jioni ikifika vitu vitano vimeshabadilishwa na hakuna anayeweza kusema kibaya kilikuwa kipi. Mwongozo huu unaanzia chini kabisa, kwenye stima na waya, halafu unapanda hadi kwenye famwea, yaani ile programu inayokaa ndani ya chipu yenyewe. Famwea ndiyo mshukiwa wa mwisho. Nimewalenga wanaotengeneza programu hapa Nairobi kwa vifaa vya kawaida: bodi za ESP32 na Arduino, Raspberry Pi, laptopu ya Ubuntu au Windows, na simu ya Android ya kujaribia kazi.

Sharti moja linashika hatua zote: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika kilichotokea, ndipo uguse kingine.

Kabla ya kugusa chochote

Nakili ujumbe wa kosa wote, kwa maandishi, si picha ya skrini iliyokatwa nusu. Mstari wa mwisho mara nyingi hausemi lolote. Chanzo kiko mistari kadhaa juu yake. Andika pia toleo lililokuwepo, toleo unalotaka kuweka, na jina kamili la bodi kama lilivyochapishwa kwenye kifuniko cha chipu. ESP32-WROOM-32 na ESP32-S3 si kitu kimoja, hata kama muuzaji amezichanganya kwenye droo moja.

Kama bodi bado inaitika, chukua nakala ya kilichomo. Kwa ESP32 yenye kumbukumbu ya MB 4, tumia esptool, zana ya kusoma na kuandika chipu hizo:

`esptool.py --chip esp32 read_flash 0 0x400000 nakala.bin`

Kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde kazi hiyo huchukua zaidi ya dakika 6, kwa hiyo iache iendelee huku ukichemsha chai. Angalizo: nakala hiyo inaweza kuwa na jina na nenosiri la WiFi ya mteja. Usiitupe kwenye kundi ukiomba msaada.

Hatua ya 1: Stima

Kama nyumba yako ni ya tokeni, angalia salio kwenye mita kabla hujaanza. Ni jambo dogo, lakini laptopu ya zamani ambayo betri yake imekufa ikizimika katikati ya sasisho la BIOS, yaani famwea inayoiamsha kompyuta, huenda isiwake tena. Kenya Power hutangaza maeneo yatakayokatiwa umeme kwa matengenezo; tafuta mtaa wako kwenye orodha hiyo kwanza. Kuna na kukatika kusikotangazwa. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na hata uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia gizani. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) usiisasishie BIOS, hasa jioni za mvua. Laptopu iwe imechajiwa na chaja iwe imechomekwa. Zana nyingi za sasisho zitakataa kuendelea bila hivyo, na zina haki.

Ukiwa Windows, sitisha BitLocker, kufuli ya Windows ya data iliyo kwenye diski, kabla ya sasisho la BIOS. Usipofanya hivyo, mashine inaweza kuwaka na kukudai ufunguo wa tarakimu 48, na hapo ndipo watu hugundua kwamba akaunti iliyohifadhi ufunguo ilikuwa ya mfanyakazi aliyeacha kazi.

Kwa bodi ndogo, upungufu wa stima huonekana kwa sura nyingine. ESP32 ikiandika `Brownout detector was triggered` kisha ikajiwasha upya tena na tena, usitafute kosa kwenye msimbo wa programu. Poti ya kawaida ya USB 2.0 hutoa miliampea 500, na kipande kikubwa huliwa na WiFi pale inapoanza kurusha mawimbi. Ukiongeza moduli ya SIM800L, ambayo hufyonza hadi ampea 2 kwa mpigo, umeshapitiliza. Chomoa kila kitu kilichounganishwa na bodi, iache peke yake, ndipo uisasishe.

Raspberry Pi unaiuliza mwenyewe:

`vcgencmd get_throttled`

Jibu likiwa `throttled=0x0`, stima ni nzuri. Likiwa `0x50000`, volti zilishuka wakati fulani tangu iwashwe. `0x50005` ina maana zimeshuka hata sasa hivi unapouliza. Pi 4 inataka chaja ya volti 5 na ampea 3. Pi 5 inataka ampea 5. Chaja ya simu uliyonunua stejini haifiki hapo, na volti zikishuka wakati kadi ya microSD inaandikwa, faili huharibika kimyakimya na utakuja kuilaumu apt, zana ya kuweka na kusasisha programu, wiki ijayo.

Hatua ya 2: Waya

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu hukaa muda mfupi zaidi. Waya ya USB 2.0 iliyokamilika ina nyuzi nne: mbili za stima, mbili za data. Waya nyingi zinazokuja na taa, spika na pawabenki zina zile mbili za stima pekee. Ukiichomeka, taa nyekundu ya bodi inawaka, nawe unaamini waya ni nzima. Taa inathibitisha stima. Data haina taa.

Kwenye Ubuntu, fungua terminali, andika `sudo dmesg -w`, kisha chomeka bodi huku ukitazama skrini. Matokeo ni matatu.

Hakuna mstari mpya hata mmoja: waya ni ya kuchaji tu, au poti imekufa. Badilisha waya kwanza, kisha poti.

Inatokea mistari ya `device descriptor read/64, error -71` ikijirudia: data inapita kwa shida. Waya imechoka, ni ndefu mno, au unapitia kigawanyi cha USB kisicho na chaja yake. Chomeka moja kwa moja kwenye laptopu, kwa waya fupi.

Inatokea `ttyUSB0` au `ttyACM0`: waya ni nzima, nenda hatua ya 3.

Unaweza pia kutumia `lsusb` kabla na baada ya kuchomeka, ukalinganisha. Nambari tatu zinatosha kukariri: `1a86:7523` ni chipu ya CH340, `10c4:ea60` ni CP2102, `0403:6001` ni FTDI. Hizo ndizo zinazotafsiri kati ya USB na bodi nyingi zinazouzwa mjini.

Ukienda kununua waya Luthuli Avenue, nenda na laptopu na bodi yako. Mazungumzo ya dukani huwa hivi: "Boss, hii ni ya data ama ya kuchaji?" "Hiyo inafanya zote, customer." Mshukuru, kisha omba uijaribu hapohapo juu ya kaunta, `dmesg` ikiwa wazi. Wauzaji wengi hawana neno, na wengine watakuletea tatu uchague. Ukiipata iliyo nzima, ifunge utepe wa rangi na usimwazime mtu wa kuchaji simu.

Bodi zenye tundu la Type-C zina kituko chao. Baadhi ya zile za bei nafuu ziliachwa bila vipinga viwili vya kiloomu 5.1 ambavyo huiambia chaja itoe stima. Ukitumia waya ya Type-C kwa Type-C, bodi haiwaki kabisa. Ukitumia ya USB ya kawaida kwa Type-C, inawaka. Haijaharibika, ndivyo ilivyozaliwa.

Hatua ya 3: Kompyuta inaiona bodi lakini haziongei

Ukipata `Permission denied: /dev/ttyUSB0`, jina lako halimo kwenye kundi linaloruhusiwa kugusa poti:

`sudo usermod -aG dialout $USER`

Kisha toka kwenye akaunti uingie upya. Kufunga terminali na kuifungua hakutoshi, na wengi huacha hapo wakidhani amri haikufanya kazi. Usizoee kuendesha kila kitu kwa `sudo` ili kukwepa hili. Utaacha folda zilizojaa faili za root (mtumiaji mkuu wa mashine), na sasisho lijalo litagoma kwa sababu hiyo.

Ubuntu 22.04 ina mtego wake. Poti inatokea, kisha inapotea baada ya sekunde moja, na `dmesg` inataja `brltty`. Hiyo ni huduma ya vifaa vya maandishi ya nukta nundu kwa wasioona, na huidhania CH340 kuwa kifaa chake kwa sababu nambari zao zinafanana. Kama hakuna anayetumia kifaa hicho kwenye mashine hiyo, `sudo apt remove brltty` inamaliza kesi.

Ukiambiwa poti inatumika, funga dirisha la kufuatilia ujumbe wa bodi ndani ya Arduino IDE. Kama bado, `lsof /dev/ttyUSB0` itakutajia aliyeishikilia. Kwenye Windows, fungua Device Manager: alama ya njano kando ya jina la chipu ina maana draiva haipo au si yake. Chipu bandia pia zipo, na zina historia. Oktoba 2014 draiva mpya ya FTDI ilikuja kupitia sasisho la Windows na kuzibadilishia chipu bandia nambari ya utambulisho kuwa 0, zikaacha kutambulika. Ndiyo maana mimi huchagua bodi yenye CH340 halisi kuliko ile inayojiita FTDI kwa bei ya kutupa.

ESP32 ikisema `Wrong boot mode detected` au ikikwama kwenye `Connecting....`, shikilia kitufe cha BOOT, bonyeza EN mara moja na kuachia, kisha achia BOOT. Ikikataa hata hivyo, tazama pini 0, 2 na 12. Chipu huzisoma pini hizo inapoamka ili kuamua iamke vipi. Kihisi kinachovuta pini 12 juu kinaiambia kumbukumbu itumie volti 1.8 badala ya 3.3, na bodi haiamki. Chomoa kihisi, utaona.

Arduino Nano za kuiga zikitoa `not in sync: resp=0x00`, nenda kwenye menyu ya Processor uchague ATmega328P (Old Bootloader). Butiloda, yaani programu ndogo inayoiamsha chipu na kupokea programu mpya, ikiwa ya zamani huongea kwa kasi ya 57600, mpya kwa 115200.

Simu ya Android ikionekana `unauthorized` kwenye `adb devices` (adb ni zana ya kompyuta ya kuongea na simu), itazame yenyewe: kuna kidirisha kinasubiri ukubali. Kisipotokea, futa vibali vya USB kwenye mipangilio ya msanidi, kisha `adb kill-server`, uchomeke upya. Na simu iliyochukuliwa kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo usijaribu kuibadilishia mfumo. Ina kufuli ya mkopeshaji, na kuifungua butiloda hufuta data yote hata pale inaporuhusiwa.

Hatua ya 4: Saa na mtandao

Raspberry Pi kabla ya toleo la 5 hazina saa inayoendelea stima ikipotea. Pi 5 inayo, ila betri yake unanunua kando. Stima ikirudi baada ya saa kadhaa, Pi huamka ikidhani bado ni ule wakati ilipozimika. Hapo apt inakuambia `Release file is not valid yet`, nazo tovuti zenye vyeti vipya zinakataliwa. Andika `timedatectl` utazame tarehe. Kama si ya leo:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi`
`sudo timedatectl set-ntp true`

Mtandao wa ofisi ukifunga poti 123 ya UDP, saa haitajirekebisha. Zima NTP, huduma inayorekebisha saa kupitia mtandao, na uiweke kwa mkono kwa `set-time`. Laptopu yenye Windows na Ubuntu pamoja ina dalili inayotambulika haraka hapa kwetu: saa iko mbele au nyuma kwa saa 3 kamili, kwa sababu Ubuntu huweka saa ya mashine kwa UTC (saa ya kimataifa) na Windows kwa saa za Nairobi. `timedatectl set-local-rtc 1` inazipatanisha.

Faili iliyopakuliwa nusu ni tatizo la kila siku kwa anayetumia bando za simu. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na kwa siku kadhaa kupakua faili kubwa kutoka ng'ambo kulikuwa kazi ya subira. Tumia `wget -c`, ambayo huendelea palipokatikia, kisha linganisha alama ya faili (msururu wa herufi na tarakimu unaotokana na yaliyomo) na ile iliyoandikwa na mtengenezaji:

`sha256sum famwea.bin`

Herufi moja ikitofautiana, usiandike faili hiyo popote. Na ukiwa kwenye WiFi ya mkahawa, andika `file famwea.bin` kwanza. Ukijibiwa `HTML document`, ulichopakua ni ukurasa wa kuingilia mtandao wa mkahawa ukiwa umevaa jina la famwea. Kubali masharti yao kwenye kivinjari, kisha pakua tena.

Kwa apt, `Hash Sum mismatch` mara nyingi ina maana seva ya karibu haijalingana na ile kuu, au kuna kitu njiani kinachokupa faili za jana. Badilisha `ke.archive.ubuntu.com` kuwa `archive.ubuntu.com` kwenye orodha ya vyanzo, futa yaliyomo kwenye `/var/lib/apt/lists`, kisha `sudo apt update`.

Hatua ya 5: Zana zenyewe kwenye kompyuta

Stima ikipotea katikati ya sasisho la Ubuntu, utakutana na `dpkg was interrupted`. Ujumbe huo una dawa ndani yake: `sudo dpkg --configure -a`, ikifuatiwa na `sudo apt -f install`. Ukiambiwa `Could not get lock`, soma jina lililoandikwa mwishoni. Likiwa `unattended-upgr`, mashine inajisasisha yenyewe nyuma ya pazia, subiri imalize. Kufuta faili ya kufuli kwa `rm`, ushauri unaozunguka sana, ni kuruhusu programu mbili kuandika daftari moja kwa wakati mmoja.

Angalia nafasi pia. `df -h /boot` ikionyesha 100%, kerneli (viini vya mfumo) za zamani zimejazana. Amri ya `sudo apt autoremove` itaziondoa.

Wakati mwingine sasisho limefaulu na ndilo lililovunja kazi. Esptool toleo la 5, kwa mfano, limebadilisha amri kutoka `read_flash` kuwa `read-flash`, na jina kutoka `esptool.py` kuwa `esptool`. Hati yako ya mwaka juzi ikianza kulalamika, kosa si la bodi. Kwa kazi ya mteja, andika toleo la kila zana kwenye faili ya mradi, na ufungie zana za Python kwenye mazingira yao kwa `python3 -m venv`.

Hatua ya 6: Sasa famwea

Umefika hapa stima, waya, ruhusa, saa na faili vikiwa sawa. Kwanza hakikisha unaandika mahali panapostahili. Butiloda ya ESP32 ya kawaida hukaa `0x1000`. Ya ESP32-S3 na C3 hukaa `0x0`. Jedwali la migawanyo kwa kawaida hukaa `0x8000`, na programu `0x10000`. Ukiona `invalid header: 0xffffffff` ikitiririka bila kikomo, chipu imesoma mahali patupu: ama umeandika pengine, ama hujaandika kitu. Futa yote kwa `erase_flash`, kisha uandike upya kwa kasi ndogo ya 115200. Kasi ya 921600 inapendeza, lakini kwa waya dhaifu ndiyo inayoharibu.

Raspberry Pi Pico ndiyo rahisi kuliko zote. Butiloda yake ya kwanza imechongwa ndani ya chipu na haifutiki kwa programu. Shikilia BOOTSEL ukiichomeka, itatokea kama diski yenye jina RPI-RP2, buruta faili ya UF2 ndani, imekwisha. Anayeanza kujifunza ningempa hiyo.

Kwa laptopu ya Ubuntu, `fwupdmgr refresh` kisha `fwupdmgr get-updates` hukuonyesha masasisho ya BIOS na vifaa vingine yaliyotiwa sahihi na watengenezaji. Ni salama kuliko faili ya BIOS iliyopakuliwa kwenye tovuti usiyoijua.

Vifaa vilivyo mbali

Bodi iliyofungwa kwenye tangi la maji Kitengela huwezi kuibonyeza kitufe ukiwa Westlands. Sasisho la hewani kwenye ESP32 huhitaji nafasi mbili za programu: moja inatumika, nyingine inaandikwa. Kwa mgawanyo wa kawaida wa Arduino kwenye bodi ya MB 4, kila nafasi ina baiti 1,310,720. Programu ikivuka hapo, sasisho litakataa, hata kama kumbukumbu inaonekana kubwa.

Dalili inayowachosha watu: sasisho linaingia, bodi inafanya kazi vizuri, lakini ikijiwasha upya inarudi toleo la zamani. Hapo kinga ya kurudi nyuma imewashwa, nayo programu mpya haikuthibitisha kwamba iko sawa. Iite `esp_ota_mark_app_valid_cancel_rollback()`, lakini baada ya bodi kuunganika na seva yako, si mwanzoni mwa programu. Ukiithibitisha mapema, umeitupa kinga yenyewe. Sasisha bodi moja, iache ilale usiku na kuamka, ndipo uendelee na zilizobaki. Na angalia bando ya laini iliyomo ndani. Ikiisha muda katikati, utafikiri seva imeanguka.

Ikibidi kwenda kwa fundi

Laptopu isiyowaka baada ya sasisho la BIOS inaweza kuokolewa kwa kuandika chipu yake moja kwa moja, na mafundi wengi katikati ya mji wana programa ya CH341A, kifaa cha kusoma na kuandika chipu, ya kazi hiyo. Uliza mambo mawili kabla hajafungua skrubu. La kwanza, volti: zile programa nyeusi za kawaida hupeleka volti 5 kwenye nyuzi za data, ilhali chipu nyingi ni za 3.3, na laptopu za karibuni mara nyingi hutumia 1.8, ambayo hudai adapta yake. La pili, nakala. Mwambie, "Fundi, naomba uisome mara mbili kwanza, tulinganishe." Kama `sha256sum` za masomo hayo mawili hazifanani, klipu inayoshika chipu haijakaa vizuri na asiandike kitu. Zikifanana, omba nakala hiyo kwenye flashi yako kabla hajaanza: ndani yake mara nyingi mna nambari ya utambulisho ya mashine (serial number) na leseni ya Windows, na ukiwekewa BIOS ya laptopu nyingine bila kuvirudisha, mashine itawaka ikiwa na utambulisho wa mtu mwingine.